Mtaa Uliokatazwa Kucheka

Mwaka jana serikali ilifanya tamasha la utani. Walifunga turubai uwanjani, wakachapisha fulana, wakaleta vipaza sauti, na waziri mmoja akasimama kumtukana waziri mwenzake kwa matusi yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kila tusi lilipigiwa makofi. Vijana wangu walitaka nipande jukwaani, kwa kuwa mimi ndiye mzee kuliko wote wa ukoo wa Kulibali hapa Badialan, mtaa wetu wa Bamako. Niliwaambia goti linaniuma. Utani wa kuombewa kibali si utani, ni gwaride. Na katika wote waliotajwa pale kuwa mabingwa wa utani wa nchi hii, hakutajwa Fajala Konate, aliyeusomea mpaka Paris na kukaribia kufa kwa ajili yake. Basi nitamtaja mimi.

Fajala alizaliwa kijiji kimoja jirani na Kita, enzi za Wafaransa. Baba yake alikuwa mfumaji, lakini kilichompa jina si nguo alizofuma, ni kutumwa. Vijiji viwili vilipogombania kisima, watu hawakukimbilia kwa hakimu. Walimtafuta mtani wa pande zote mbili. Mzee Konate aliingia katikati ya watu wenye mashoka mikononi, akawatukania mapishi ya mama zao na miguu ya baba zao, na ole wake ambaye angemgusa: angebeba aibu hiyo mpaka kaburini, na wanawe baada yake. Mtu hawezi kucheka na kukata kwa shoka wakati mmoja. Hiyo ndiyo elimu ya kwanza aliyoipata Fajala, na alipenda kusema kwamba nyingine zote zilikuwa maelezo ya chini ya ukurasa.

Alisoma Kita, akasoma hapa Bamako, akaenda Dakar, kisha Paris. Wenzake waliandika kuhusu makombora na mafuta. Yeye aliandika kitabu kizima juu ya utani wa koo za Konate na Kulibali. Hoja yake ilikuwa nyepesi, hata mimi niliielewa: mataifa hupigana kwa sababu hayana wa kuyatukana. Mtu ana mtani wa kumwambia "wewe ni mpumbavu" na akalazimika kucheka. Taifa halina. Kila anayelitukana ni adui. Walimu wake weupe walikuna videvu, wakampa shahada.

Wangembakiza huko, lakini alirudi. Akawa profesa wa uhusiano wa kimataifa katika chuo kilichofundisha mabalozi wetu na baadhi ya maofisa wa jeshi. Akajenga nyumba karibu na reli, ukuta wake na wangu mmoja.

Mimi sikusoma shule. Herufi nilijifunza mwenyewe stesheni, kwa kutazama vibao vya mizigo, na baadaye magazeti. Lakini kwa Fajala hapakuwa na msomi wala mchukuzi. Palikuwa na Konate na Kulibali. Kila asubuhi aliniitia juu ya ukuta.

"We Zan! Mtumwa wangu! Umeamka, au maharage yamekulaza?"

"Nimeamka. Nilitaka kukuuza sokoni, lakini juzi walikurudisha. Wamesema hata bure hawakutaki."

"Kulibali ajue bei ya mtu! Wewe bei unayoijua ni ya maharage."

Hivyo ndivyo tulivyoamkiana miaka yote. Ndani ya utani wetu wao ni watumwa wetu na sisi ni watumwa wao, na Kulibali ni mla maharage hata akifa bila kuyaonja. Mtoto anayejua kutembea anajua hilo.

Aliyemweza Fajala kuliko wote alikuwa shangazi yangu, Ba Nene, mjane aliyekaa kwangu, mwembamba kama mwiko na mdomo mpana kama kinu. Fajala akiwa na wageni wa ubalozi, Ba Nene aliingia bila kubisha, akachukua paja la kuku kutoka sahani ya mgeni mkubwa kabisa, akasema, "Kuleni, kuleni, lakini mjue huyu ni mtumwa wangu na nyumba hii ni yangu." Wageni waligeuka mawe. Fajala alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Waheshimiwa," aliwaambia, "huyu ndiye Umoja wa Mataifa wangu. Ana kura ya turufu juu ya kuku wote."

Mwaka ule wa themanini na tano, maneno yalianza kuchemka kati yetu na wenzetu wa Burkina. Ugomvi ulikuwa juu ya kipande cha nchi kavu huko mpakani, mchanga na mabwawa machache ya kunyweshea ng'ombe. Kabla ya vita, redio moja ya ng'ambo iliwaunganisha kwa simu maprofesa wawili wazungumze: Fajala huku, na mwenzake mmoja kule Wagadugu, mji mkuu wao. Mtaa mzima tulijikusanya uani kwangu, chai ikiwa motoni. Mtangazaji akamtambulisha yule wa Wagadugu: Profesa Lasina Kulibali.

Ua wangu ulilipuka kwa vicheko kabla mtu hajasema neno.

"Nani mwenzangu?" ilisema sauti ya Lasina. "Konate? Lo! Nimevaa tai nikidhani nitazungumza na mtu, kumbe nimeletewa mtumwa wangu."

"Ondoa mdomo kwenye simu," akajibu Fajala. "Harufu ya maharage imeshafika Bamako."

Mtangazaji, maskini, akauliza nchi ile ni ya nani.

"Ni yetu," alisema Fajala. "Lakini waacheni waje waichukue. Njooni, Kulibali, njooni na majembe yenu, mlango uko wazi! Tangu lini mtumwa akalima kwa faida yake? Nyinyi limeni, sisi tutavuna."

Ba Nene alijigaragaza mkekani. Baada ya hapo wale wawili walizungumza kwa makini sana, juu ya ramani za Wafaransa na mahakama na wafugaji, na kila mmoja alimpa mwenzake haki yake. Hayo hakuna aliyeyakumbuka. Yaliyokumbukwa ni yale ya kwanza: njooni, mlango uko wazi.

Kisha mwezi wa Desemba ukaingia na vita vikaja kweli. Vilikuwa vya siku chache tu, na vijana waliozaliwa baadaye huvisimulia kama mechi ya mpira. Hawakusikia ndege. Mabomu yaliangukia miji yao, mengine yakaangukia Sikasso kwetu, na hapa Bamako, mbali na mpaka, woga ulianza kula watu kutoka ndani. Wafumaji wenye asili ya kule walifunga vibanda. Mwanamke mmoja mtaani alifukia ardhini kanga za harusi yake kwa kuwa zilitoka Bobo, mji wa kule. Watu waliacha kuulizana habari za nyumbani. Salamu zetu, ambazo zamani zilichukua muda wa kupika uji, zikawa kutikisa kichwa na kupita. Kila redio ilisema wasaliti wako miongoni mwetu.

Walikuja kumchukua Fajala mchana, akila. Gari la kijeshi, watu wawili wenye sare na mmoja asiye na sare. Hawakumpiga, hawakupiga kelele. Yule asiye na sare alisubiri mpaka Fajala anawe mikono, akamshikia na taulo. Huo upole ndio ulionitia baridi. Fajala alinitazama juu ya ukuta, akajaribu utani.

"Zan, nakwenda kutembea. Usiibe kuku wangu."

Nilifungua mdomo kumjibu. Yule mtu aligeuka akanitazama, si kwa hasira, kama mtu anayejifunza sura. Nikajiinamisha nyuma ya ukuta.

Siku ya pili mkewe, Kani, alikuja kwetu amejifunika mtandio kama mfiwa. Alikuwa ameambiwa na mtu wa kambini kwamba kesi ni ya usaliti wakati wa vita, na kwamba adhabu yake haihitaji mahakama ndefu.

"Wamemfungulia maneno yake kwenye mashine," alisema. "Njooni, mlango uko wazi. Wanamrudishia tena na tena. Wanamuuliza: mlango gani?"

"Si aseme ni utani!" nilisema.

"Amesema, Zan. Wamemwambia adui hana utani."

Ba Nene alisimama, akafunga kitambaa kichwani. Konate akipatwa na shari, Kulibali ndiye wa kumwombea, na ombi la mtani halikataliwi. Baba zetu waliwatoa watu kwenye minyororo ya wafalme kwa ombi hilo. Na tulikuwa na bahati, au hivyo tulidhani: kapteni aliyeshika kesi alikuwa Molobali Kulibali, mtoto wa ukoo wetu, tena aliwahi kukaa darasani kwa Fajala. Kulibali amdhuru Konate? Tangu dunia iumbwe halijatokea.

Tulikwenda watatu: Ba Nene, mimi, na Kani nyuma yetu. Ofisi ilikuwa na feni isiyozunguka. Molobali alikuwa kijana wa sura nzuri, nguo imenyooshwa. Alisimama kumpokea Ba Nene, akampa kiti chake mwenyewe, kisha akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Molobali," alisema Ba Nene, "nimekuja kuchukua mtumwa wangu. Umemkamata bila ruhusa yangu."

"Shangazi, punguza sauti."

"Nipunguze kwa nani? Wewe ni Kulibali. Umesikia yale maneno. Ulidhani ni nini, amri ya vita?"

"Nilisikia siku ile ile, nikiwa na mke wangu," alisema. "Nilicheka mpaka nikamwaga chai."

"Basi!"

"Mkubwa wangu naye alicheka, Shangazi. Wote kule juu walicheka. Hakuna asiyejua utani." Alizungumza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Sasa vijana wetu wako mpakani. Upande huu kuna Kulibali na Konate, upande ule kuna Kulibali na Konate. Wakianza kucheka, nani atapiga risasi? Wakubwa hawamwogopi Profesa eti kwa kuwa hawakuelewa. Wamemwogopa kwa kuwa wameelewa."

Kani alipiga magoti. Mimi nikatamka ombi lenyewe, kama alivyonifundisha baba yangu: kwa maziwa tuliyonyonya pamoja na damu tuliyoapa kutoimwaga. Molobali alifumba macho nikitamka. Alipoyafumbua yalikuwa yamelowa, na sijui mpaka leo kwa nini machozi yale yalinitisha kuliko bunduki pale mlangoni.

"Nimefanya ninaloweza," alisema. "Atasoma maneno redioni. Atawatukana wale wa kule, kwa kweli, si kwa utani. Kesho alasiri. Watu wataelewa kuwa hakuna utani na adui. Akisoma vizuri, atarudi nyumbani vita vikiisha."

"Na matusi yenyewe?" aliuliza Ba Nene.

"Ni yale yale, Shangazi. Aliyeyaandika hakujua mengine."

"Konate atutukane matusi yale yale, halafu tusicheke?"

"Hilo ndilo la kuwaambia. Watakuja watu kukaa uani kwenu wakati wa kusikiliza, kwa kuwa mnajulikana. Mtu mmoja akicheka, wataandika kuwa ni utani tena, kwamba profesa amewachezea shere. Hapo sitakuwa na la kufanya, na hata mimi nitaulizwa." Akamshika Ba Nene mikono yote miwili. "Msicheke. Nakuomba. Ndilo ombi langu mimi."

Kulibali akamwomba Kulibali asicheke na Konate. Nilipotoka pale nilijua kuna kitu kimevunjika, ila sikujua bado ni cha nani.

Alasiri ile uani palijaa. Walikuja wawili, wamevaa kiraia, wakakataa mkeka, wakasimama mmoja mlangoni na mmoja karibu na jiko la chai. Hakuna aliyekoka moto. Redio ilikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Niliwatazama Kulibali wangu wote, wanaume kwa wanawake, watu ambao msibani huwavunja wafiwa mbavu, nikaona nyuso kama za watu wanaosubiri kutahiriwa. Kani alikaa karibu na Ba Nene. Sote tulijua: kichwa cha Fajala kiko katika vinywa vyetu.

Sauti yake ikaja. Ilikuwa kavu, haina kupanda wala kushuka. Akasema jina lake na kazi yake. Akasema amekosea. Akasema anamgeukia yule aliyejiita mwenzake kule Wagadugu na wote walio kama yeye. Ni watumwa, wana wa watumwa. Ni wala maharage. Jamaa mmoja nyuma yangu alivuta pumzi puani, mwingine akakohoa. Yule wa mlangoni akageuza macho.

Niliuma ulimi. Hamwezi kujua. Mwili wangu ulikuwa umefundishwa miaka arobaini kwamba neno hilo kutoka kinywa hicho huitikiwa na kicheko, kama goti linavyoruka likigongwa. Nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa, na vile viwili, kicheko na woga, vilinipanda pamoja.

Kisha Fajala akasoma kwamba adui hawezi kujificha nchini mwetu. Nilisikia karatasi. Akasema, kwa sauti ile ile kavu, "Kulibali hawezi kujificha, kwa kuwa upepo wa maharage yake hutangulia."

Hilo halikuandikwa na mwanajeshi. Hilo lilikuwa lake.

Nilimwona Ba Nene mabega yakianza kutikisika. Alijaza kitambaa mdomoni. Shingo ilimvimba. Machozi yakamtoka, mwili wote ukawa unaruka juu ya mkeka, na yule wa karibu na jiko alipiga hatua moja, akainama kumtazama usoni. Kani alikuwa amefumba macho, midomo ikisoma dua. Kitambaa kilianza kutoka. Kingetoka tu.

Ba Nene alipiga yowe.

"Ametutukana!" alilia. "Mama yangu wee! Konate ametutukana! Leo Konate ametutukana!"

Akajipiga kifua, akaangukia ubavu, akilia kwa sauti iliyokuwa na kicheko chote kile ndani yake kimegeuzwa mgongo. Dada yake akaelewa, akapokea. Kisha mwingine. Uani pote wakawa wanalia kwa yowe, wanaume wamefunika nyuso, mabega yakiruka, na hakuna jicho ambalo lingeweza kujua ni nini kinachoyarusha. Mimi pia nililia. Sijui ni wakati gani kilio kilikuwa kweli. Najua tu kwamba redio ilipomaliza na wimbo wa jeshi ukaanza, hatukuweza kunyamaza.

"Unalia nini, bibi?" yule mtu alimwuliza Ba Nene, bila ubaya.

"Nalia kutukanwa."

Aliandika hilo. Wakaondoka, na mmoja akatuaga kwa adabu. Tangu koo hizi mbili zianze kujuana, Kulibali hakuwahi kulia kwa tusi la Konate. Sasa ilikuwa imeandikwa.

Vita vikaisha. Wakubwa wa nchi mbili wakakumbatiana mbele ya kamera, baadaye mahakama ya kimataifa kule Ulaya ikagawa ule mchanga nusu kwa nusu, na Fajala akarudishwa. Gari lilimshusha mlangoni kwake, lakini hakuingia. Alikuja moja kwa moja uani kwangu, amekonda, kaptula ya mtu mwingine kiunoni. Yule asiye na sare alibaki ameegemea gari, umbali wa kusikia.

"Wameniambia mlilia," Fajala alimwambia Ba Nene. "Ni kweli mlilia?"

Ba Nene alitazama lile gari. "Ndiyo, Profesa," alisema. "Uliniumiza."

Hakuwahi kumwita Profesa. Fajala alipiga magoti, akaomba msamaha, na msamaha akapewa kwa maneno mazuri ya heshima, kama wakwe.

Alirudi chuoni. Alifundisha mikataba na mipaka kutoka vitabuni, wala hakugusa tena kile kitabu chake. Asubuhi alinisalimu juu ya ukuta: habari za kuamka, habari za jamaa. Nami nilimjibu: nzuri, Profesa. Niliendelea kudhani litapita. Ba Nene ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Jioni moja, wakati lile gari limeshasahau njia ya kwetu, alimkuta peke yake akimwagilia mchicha, akamnong'oneza ukweli: kwamba ilikuwa kicheko, kwamba ule upepo wake ulikaribia kumuua kwa kicheko, kwamba kilio kilikuwa cha kumwokoa yeye.

Fajala aliweka ndoo chini. Alitazama ukuta, akatazama na barabara.

"Nakuamini, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mimi niliposoma redioni, sijui kama nilikuwa natania."